UZI: Mvinyo wa Dodoma kwenye meza ya sikukuu, kuanzia pilau hadi samaki wa kupaka

MezaYaDesemba

Wakuu, habari za jioni.

Sikukuu zimekaribia na kwenye familia nyingi mgao umeshaanza: nani anapika pilau, nani analeta mbuzi, keki inaokwa na nani. Kila mwaka naona jambo lilelile. Chakula kinahangaikiwa siku mbili, halafu mvinyo unanunuliwa njiani dakika za mwisho, unafika mezani ukiwa na joto la gari, wageni wanakunywa glasi moja kwa adabu kisha wanarudi kwenye bia. Baada ya hapo utasikia kwamba mvinyo wa Dodoma haufai. Unafaa, tena sana. Tatizo ni kwamba tunaunywa ukiwa wa moto na tunauweka kando ya chakula ambacho hakipatani nao. Naomba tuzungumze hayo mawili kabla watu hawajaenda dukani.

Nianze na joto, maana hilo ndilo linaloharibu chupa nyingi kuliko kitu kingine. Ile kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu ukiwa na joto la chumba imetoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi wa kumi na mbili inapita nyuzi 30. Katika joto hilo kileo kinakuwahi puani kabla hujasikia harufu ya zabibu, na mvinyo mtamu unageuka mzito kama sharubati. Mimi mwekundu mkavu naupeleka mezani ukiwa nyuzi 15 hadi 18, mwekundu mtamu chini kidogo ya hapo, mweupe kati ya 8 na 12. Huna kipimajoto? Mwekundu ukae friji saa moja na nusu, mweupe saa tatu au zaidi.

Lakini siku ya sikukuu friji imejaa masufuria. Tumia ndoo. Barafu na maji nusu kwa nusu, tupia na viganja viwili vya chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni. Maji yanaigusa chupa pande zote, wakati barafu peke yake inaigusa hapa na pale, na chumvi inayafanya maji yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Mwekundu utoe baada ya robo saa, mweupe baada ya nusu saa. Hakuna friji ya nyumbani inayoifikia ndoo hiyo kwa kasi.

Sasa chakula. Watu wengi wanaijua ile ya "nyama nyekundu na mvinyo mwekundu, samaki na mweupe", wanaishia hapo. Mezani kwetu nyama au samaki huwa si shida kubwa. Angalia kimepikwa na nini. Ndimu, nazi, pilipili, mafuta, chumvi: hivyo ndivyo vinavyoamua.

Chukua mbuzi choma. Ana mafuta na amepakwa chumvi. Mvinyo mwekundu mkavu una tanini, ule ukali wa ganda la zabibu unaokausha ulimi. Tanini ikikutana na mafuta, chumvi na protini ya nyama inalainika, na nyama nayo haikuachii mafuta mdomoni. Hapa mwekundu mkavu wa Dodoma unakaa mahali pake kabisa. Sasa chukua mbuzi yuleyule, mletee pilipili ya kusaga iliyo kali. Kileo kinazidisha moto wa pilipili, tanini nayo inaongeza ukali, na mgeni anaweka glasi chini. Dawa yake ni rahisi: pilipili ikae kwenye bakuli la pembeni, kila mtu ajipakulie mwenyewe, na anayependa moto umpe mvinyo wenye utamu kidogo na uliopoa. Sukari inatuliza pilipili.

Pilau ndiyo naipenda zaidi kwa mvinyo, na ndiyo watu wanaikosea zaidi. Bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga ni harufu zaidi kuliko moto. Pilau ya nyama ya ng'ombe inapatana vizuri na mwekundu mwepesi uliopozwa. Ila pilau haiji peke yake, inakuja na kachumbari, na kachumbari ina ndimu. Mvinyo usio na uchachu ukiwekwa kando ya ndimu unaonekana maji matupu. Kwa hiyo mvinyo wa pilau lazima uwe na uchachu unaoweza kusimama na kachumbari. Ukiwa na mweupe mkavu wa Chenin Blanc, zabibu ambayo asili yake ni bonde la Loire kule Ufaransa na Dodoma inalimwa pia, jaribu huo na pilau ya kuku. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia kina utamu wake, na huo mvinyo unauonyesha wazi.

Kiti moto na ndizi za kukaanga: mweupe wenye utamu kidogo, baridi. Biriani: vivyo hivyo, kwa sababu ya rojo lake lenye nyanya na pilipili. Ndizi nyama ya Kilimanjaro haina makeke, kunywa chochote kisicho kizito.

Na mvinyo mtamu. Kuna watu wanaudharau, wanasema ni wa wasiojua. Siafikiani nao hata kidogo. Mwekundu mtamu una kazi yake, na kazi hiyo haifanywi na mkavu: keki ya matunda ya Krismasi, tende, korosho zilizokaangwa, visheti. Kanuni ni moja tu: mvinyo uwe mtamu kuliko kitafunwa. Ukila keki na mvinyo mkavu, mvinyo unakuwa mchachu na keki inakosa ladha.

Mwisho, kununua. Usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua. Chukua ya ndani, kwenye duka linalouza kwa haraka. Soma lebo ujue kama ni mkavu, mtamu kiasi au mtamu. Na usiiache kwenye buti ya gari mchana.

Karibuni tuchangie. Wa Dodoma mko wapi?

Kinondoni_Juu

Mkuu, nimefanya kazi ya kuhudumia mezani miaka mingi, na tulikatazwa kabisa kuweka mwekundu kwenye friji. Tulifundishwa kwamba baridi inaifanya tanini iwe kali na harufu inajificha. Unasemaje?

MezaYaDesemba

Walikufundisha kweli, ndugu yangu, ila kweli hiyo ina mpaka. Ukiupeleka mwekundu mkavu mpaka nyuzi 6 kama bia, tanini itakukwaruza na hutasikia harufu. Mimi nasema 15 hadi 18. Hotelini mlikuwa na chumba chenye kiyoyozi, mvinyo ulishapoa kabla haujafika mezani. Nyumbani kwenye turubai uani, saa nane mchana, hali ni nyingine. Ukiona umepoa kupita kiasi, shika glasi kwa viganja dakika chache, utarudi. Ulioungua na joto la siku nyingi haurudi.

Mzabibu_Veyula

Nipo hapa, mkuu. Mimi ni mkulima, wazazi wangu walikuwa wakulima wa zabibu pia. Umenifurahisha kwa kuanza na joto, maana tunachokihangaikia shambani kinaharibiwa kwenye rafu ya duka.

Niongeze ya upande wetu, ili anayekunywa ajue anakunywa nini. Zabibu hapa zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, na Bihawana ndiko kunakotajwa siku zote. Baadaye ikaja kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO. Ilipodhoofika wakulima wengi waliipa mizabibu kisogo, na waliobaki walibaki kwa mapenzi. Sasa zao limeinuka tena. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinazalisha miche na kufundisha watu, Chinangali kule Chamwino kuna mashamba makubwa ya wakulima wadogo, na Hombolo iko kampuni ya mvinyo ya Cetawico ambayo imepanda hata zabibu za Kiitalia kama Teroldego na Marzemino. Zabibu yetu kubwa ya mvinyo mwekundu inaitwa Makutupora Red. Wengine wana Syrah, na mweupe ni hiyo Chenin Blanc uliyoisema.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unaamka wenyewe. Hapa tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 1,100, hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi. Ukipogoa, baada ya miezi kama minne unavuna. Kwa hiyo tuna mavuno ya Februari na Machi, na mavuno ya Agosti na Septemba. Haya mawili hayalingani. Yale ya mwanzo wa mwaka yanakutana na mvua, magonjwa ya ukungu yanasumbua na zabibu zinajaa maji. Ya Agosti yanaiva kwenye ukame, usiku ukiwa wa baridi, sukari inapanda vizuri. Ukiniuliza mimi, mvinyo wa kiangazi ndio wenye nguvu.

Pia zabibu haisubiri. Ikishaiva na mnunuzi akachelewa, siku chache tu inaanza kuharibika kwenye mti. Ndiyo maana wakulima wengi sasa tunakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wenye viwanda wanakuja kuumalizia na kuuweka kwenye chupa. Kukamua ndani ya saa chache baada ya kukata ndiko kunakookoa ladha. Msimu mmoja mnunuzi alituahidi tarehe, tukakata, hakutokea. Tangu hapo nakamua hata kama nina mnunuzi.

MezaYaDesemba

Asante sana, mkuu. Naomba kila anayepita hapa asome hiyo ya mavuno mawili. Swali: nyinyi wenyewe mnakunywa na nini huko?

Mzabibu_Veyula

Kuku wa kienyeji wa kuchoma, kila mtu atakwambia hivyo. Lakini nikwambie kitu cha kwetu Wagogo: ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, pembeni samaki mkavu, na mvinyo mweupe mkavu uliopoa. Mlenda unateleza na karanga zina mafuta, uchachu wa mweupe unasafisha mdomo na unarudia kijiko kingine. Wageni wa mjini wanashangaa, halafu wanaomba waongezewe.

BintiPangani

Wakaka, hongereni. Mimi ni wa Tanga, na naomba niseme ya pwani kwa sababu mmeigusa kwenye kichwa cha uzi kisha mkaipita.

Samaki wa kupaka si samaki wa kawaida. Changu au kolekole anachomwa kwanza kwenye mkaa, halafu anapakwa tui zito lenye ndimu, kitunguu saumu na pilipili, anarudishwa motoni mpaka tui lishike. Una moshi, mafuta ya nazi, uchachu na moto kwa pamoja. Mweupe mkavu kabisa unapigana na pilipili. Mweupe wenye utamu kidogo, wa baridi sana, ndio unaomfaa. Changu wa kukaanga na ndimu ndiye wa mweupe mkavu. Pweza wa nazi, mfuate huyo wa kupaka. Na mwekundu mkavu na samaki, hasa mwenye mafuta kama jodari, tafadhali acheni: mdomo unabaki na ladha ya chuma.

La pili ni zito zaidi. Meza yetu ya sikukuu ina Wakristo na Waislamu, shemeji, mawifi, majirani. Krismasi kwao, Idi kwetu, tunakula pamoja. Mwenye nyumba anayeweka mvinyo ana wajibu. Usipike mchuzi kwa mvinyo bila kusema. Mgeni Mwislamu amekuamini na sahani yake. Glasi za mvinyo zikae meza ya peke yake, jagi za vinywaji vingine meza nyingine, ili asiwepo wa kuulizwa "mbona wewe hunywi?" Na hivyo vinywaji vingine visiwe soda iliyotupwa pembeni. Ukwaju uliochujwa vizuri, choya (rozela) iliyochemshwa na tangawizi na mdalasini kisha ikapozwa, maji ya madafu. Choya ina rangi nyekundu na uchachu unaokaa na pilau vizuri kabisa. Mgeni asiyekunywa kileo naye ale kwa raha, aone amefikiriwa.

MezaYaDesemba

Dada, umeongea jambo kubwa na nalichukua lote. Hiyo choya inawafaa pia wanaoendesha gari. Naomba vipimo ukiwa na nafasi.

BintiPangani

Viganja viwili vya choya kavu kwa lita mbili za maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini, ichemke dakika kumi, funika ipoe, chuja. Sukari weka mwishoni na usizidishe, ibaki na uchachu wake.

Mto_Malewa

Jamani, salamu kutoka Naivasha. Nimefuatilia huu uzi kwa furaha. Huku kwetu pia tuna zabibu, mvinyo wa Leleshwa unatoka Bonde la Ufa karibu na hapa, na sisi tuko juu zaidi, ziwa liko karibu mita 1,880, usiku ni baridi kweli. Mweupe wake wa Sauvignon Blanc nimeunywa na ngege wa ziwani aliyekaangwa mkavu, sukuma wiki na ugali, na ninaupendekeza kwa moyo wote. Mwekundu wake nauweka kwa mbuzi.

Mimi na familia tunataka kuja Dodoma kwa gari kupitia Arusha. Tuje lini, na tupite wapi?

Mzabibu_Veyula

Karibuni mno. Mkitoka Arusha mje Babati, Kondoa, barabara ni lami hadi mjini. Kabla ya kufika mjini mtapita Makutupora na Veyula, yaani mnaingia kwenye zabibu moja kwa moja. Njooni Agosti. Tarehe 8 ni Nane Nane, na viwanja vya Nzuguni vinajaa wakulima na wenye viwanda vya mvinyo, mtaonja na kuuliza maswali kwa watu waliotengeneza wenyewe. Baada ya hapo siku nyingine mshike barabara ya Iringa, mpite Bihawana na Mpunguzi. Msimu huo zabibu za kula zinauzwa kando ya barabara. Hombolo mwendee bwawa pia, watoto watapapenda.

Ombi moja: msiingie shamba la mtu bila kuomba, na msikate kichala kwa mkono. Mkulima mwenyewe atawakatia kwa furaha. Tena mwende asubuhi. Zabibu inakatwa kabla jua halijapanda, mkifika saa saba mtakuta kazi imeisha.

Wa Dar wao wana treni ya SGR tangu 2024, kama saa tatu na nusu hivi mko Dodoma. Mnaweza kuja Ijumaa jioni mkarudi Jumapili.

MezaYaDesemba

Nakazia kwa wa treni: ukinunua chupa, zifunge kwenye kanga, ziweke kwenye deli lenye barafu kidogo, na ukifika nyumbani zipumzike siku mbili tatu mahali penye giza kabla ya kufungua. Zenye kizibo cha gome zilaze, za kifuniko cha kuzungusha hazina shida.

MamaWawili_Moro

Samahanini, nyie mko mbali sana na mimi ndiyo naanza. Nina wageni ishirini tarehe 25, watu wazima kumi ndio wanaokunywa. Pilau ya ng'ombe, kuku wa kuchoma, kachumbari, keki. Ninunue chupa ngapi, na aina gani? Bajeti yangu ni ya kawaida.

MezaYaDesemba

Dada yangu, hujachelewa. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kiasi. Watu kumi kwa glasi mbili mbili ni glasi ishirini, chupa nne. Nunua tano ili usibanwe. Gawa hivi: mwekundu mkavu mbili kwa pilau, mweupe mbili kwa kuku na kwa wanaofika mapema kabla ya chakula, na mwekundu mtamu mmoja wa keki. Huo mtamu utoe baadaye kabisa, usiuweke mezani tangu mwanzo, kwa sababu watu wakianza na sukari mkavu unawashinda.

Kuku umwekee ndimu na kitunguu saumu, pilipili iwe pembeni. Kachumbari kamulia ndimu dakika za mwisho ili nyanya zisitoe maji. Glasi za kawaida zinatosha, ila jaza theluthi moja tu, harufu ipate nafasi na mvinyo usipate joto kabla haujaisha. Na maji ya kunywa yawe mengi mezani.

MamaWawili_Moro

Asante sana, kaka. Je, mvinyo ukibaki? Naogopa kufungua chupa halafu niimwage.

MezaYaDesemba

Usimwage. Rudisha kizibo, weka friji chupa ikiwa imesimama, hata ule mwekundu. Mkavu unakaa siku tatu hadi nne ukiwa na ladha yake, mtamu unakaa zaidi kidogo. Ukipita hapo, tia nusu kikombe kwenye rosti ya ng'ombe mwanzoni, nyama ikishabadilika rangi, uache ichemke bila mfuniko mpaka harufu ya kileo iondoke ndipo uongeze nyanya. Na kama alivyosema dada wa Pangani, sufuria hiyo umwambie kila atakayekula ina nini.

Kinondoni_Juu

Nimeijaribu ile ndoo ya chumvi leo jioni, mwekundu mkavu, robo saa, na mishikaki ya ng'ombe. Mkuu, nimekubali. Kesho nawafundisha vijana wangu kazini.